Pua ya Thuranira

Jirani yetu Ciakuthii alinikuta kwenye kamba nikianika nepi za mwanangu Kiende, akaniambia niziingize ndani haraka. Nikamuuliza kama mvua inakuja. Akasema mvua ni nafuu, anayekuja ni Thuranira, na siku hizi Thuranira ananusa vitu vya watu. Alikuwa ameonekana akinusa kitunguu cha mkewe mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa ameinamia debe la mafuta ya taa pale dukani mpaka mwenye duka akamuuliza kama ameangusha kitu ndani. Na juzi, Ciakuthii mwenyewe, kwa macho yake mawili, alimwona amesimama nyuma ya beberu wa jirani, amefumba macho, anavuta pumzi kama mtu anayeomba.

"Beberu, Mama Kiende," akaniambia. "Mtu mwenye akili zake humkimbia beberu. Yeye anamfuata."

Kwa maoni ya Ciakuthii ilikuwa moja kati ya mbili. Ama mzee ameanza kunywa uzeeni, ama kuna mganga mahali fulani aliyemtuma akusanye harufu za watu. Nikamwambia nitakuwa mwangalifu. Nepi nikaziacha kwenye kamba.

Sisi tulikuwa wapangaji wa Thuranira. Mume wangu alipata kazi kwenye kiwanda cha kahawa hapa Githongo, tukapewa chumba cha mbao kinachotazamana na jiko la Makandi, mke wa mzee. Kila kilichopikwa, kilichoungua na kilichosemwa katika jiko lile kilinifikia kabla hakijapoa. Kwa hiyo nilimfahamu Thuranira kuliko wengi waliomsema.

Alikuwa mtu wa divai. Najua linasikika vibaya. Hapa kwetu ukisema fulani ni mtu wa chupa, akina mama wa kanisa wanapanga zamu ya kumwombea. Lakini yeye hakuwahi kunywa. Alikuwa mhudumu katika hoteli moja mjini Embu tangu ujana wake hadi nywele zilipoanza kumhama, na kazi yake ilikuwa kuwachagulia wageni divai na kuwamiminia. Kabla ya kuajiriwa alikuwa ameshaokoka, ameahidi mbele ya kanisa zima kwamba kileo hakitapita kooni mwake. Siku meneja alipomwambia ahamie upande wa divai, aliona haya kukataa na aliogopa kukubali. Aliyemwokoa mara ya pili ni mkuu wa wahudumu, Kasim, Mwislamu wa Embu mjini, ambaye naye hakuwahi kuonja hata tone. Kasim alimwambia divai ni kama nyumba ya watu. Mlango wake ni pua. Mhudumu mwenye adabu husimama mlangoni, akajua ndani kumepikwa nini, na haingii.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka yote ile. Alifungua chupa, akanusa kizibo, akazungusha glasi, akanusa tena, halafu akamwambia mgeni hii inafaa kwa nyama yako, au hii hapana, ngoja nikuletee nyingine. Watu wa Githongo walisema ulimi wa Thuranira uliokoka lakini pua yake ilibaki duniani.

Alipostaafu alirudi kwenye kahawa yake, na watu wakaanza kumwita kwenye arusi. Alikuwa anaeleza mambo yake vizuri, hata mimi niliyeishia darasa la saba nilimwelewa. Divai nyekundu kavu, alisema, inakausha mdomo kama umetafuna ganda la ndizi mbichi, kwa hiyo inataka nyama yenye mafuta ya kuisuluhisha. Nyeupe kavu ni limau iliyosoma, inakaa vizuri na kuku. Ile yenye mapovu ina tabia ya uji unaotaka kufurika, usiitikise na usiielekeze kwa mama mkwe. Na tamu ni ya mwisho kabisa, kwenye glasi ndogo, pamoja na keki. Ukitanguliza tamu umeua zote zinazoifuata. Hilo alilisema kama watu wanavyosema usioe mdogo kabla ya dada yake mkubwa.

Wazee walimcheka. Walimuuliza ni lini mbuzi alianza kuchagua rangi ya kinywaji. Lakini arusi ikiwa yao walimwita.

Basi kuhusu ule unusaji, mimi nilishaona jambo kabla ya Ciakuthii, ila sikulisema. Mwezi wa sita homa ilipita kwetu, ikalaza nyumba nzima nzima, na Thuranira akalala nayo muda mrefu. Alipoinuka, Makandi alimwachia maziwa motoni akaenda kukata majani ya ng'ombe. Maziwa yakafurika, yakaungua, moshi ukatoka mpaka kwangu nikakimbia nikidhani nyumba inawaka. Nikamkuta mzee ameketi palepale kando ya jiko, anasugua viatu vyake, ametulia kabisa.

Wiki hiyohiyo akaomba kumpakata Kiende nikichota maji. Niliporudi Kiende alikuwa amejichafua kwa namna ambayo hata kuku walikuwa wamehamia upande wa pili wa uwanja. Mzee alikuwa anamchezesha tu, anamwimbia, uso wake karibu na wake. Hapo nikaelewa. Nikamchukua mtoto, nikamwambia polepole, "Baba Karwirwa, husikii harufu."

Alitazama jikoni kwanza, kuona kama Makandi yuko. Kisha akaniambia tangu homa iondoke hajasikia harufu ya kitu chochote duniani. Si kahawa, si sabuni, si moshi. Alikuwa anajaribu kila siku, akianza na vitu vyepesi na kupanda hadi vizito. Beberu ndiye aliyekuwa tumaini la mwisho.

Ningecheka, lakini macho yake yalinikataza. Maana jambo lenyewe lilikuwa limekaribia. Karwirwa, kitinda mimba wake, alikuwa anafundisha watoto wadogo huko Embu, na kijana mmoja wa hukohuko, Rwamba, alikuwa anakuja na wazee wake kumposa. Nyumba zote mbili ni za kanisa, kwa hiyo pombe ya asali, ile ambayo zamani ndiyo ilifunga maneno ya uchumba, haingeingia. Upande wa Embu ukapendekeza soda. Hapo babu yake Rwamba, Mzee Ndambiri, akagoma. Alisema hajapata kusoma mahali popote katika Biblia ambapo watu walipeana binti kwa soda. Wakazungushana mpaka wakakubaliana divai, kwa kuwa imeandikwa, na kwa kuwa baba wa msichana ndiye mjuzi wake. Upande wa mvulana ungenunua, kama desturi inavyotaka. Thuranira angechagua na kumimina.

Desturi yenyewe ni hii, kwa asiyeijua. Kinywaji kikishafunguliwa, msichana anaitwa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Anaulizwa, hiki tukinywe? Hajibu kwa mdomo. Anapewa kikombe, anakunywa kidogo, kisha anampa baba yake. Akinywa, ameolewa nusu. Akikataa, wageni wanavaa makoti yao. Na wazee hawatazami kikombe, wanatazama uso. Kuna wasichana walioshurutishwa wakanywa huku wamekunja uso, na wazee wa busara wakaondoka bila kutoa mbuzi.

Nilimshauri amwambie Makandi, au amwachie mtu mwingine kuchagua. Akakataa. Alisema amewamiminia watoto wa watu wengine maisha yake yote, hawezi siku ya mtoto wake kukaa kitini kama mgeni. Alisema anazijua divai kwa majina yake kama anavyowajua wanawe. Akaenda Embu na Rwamba, na aliporudi na sanduku la chupa alinieleza jinsi mwenye duka alivyomfungulia moja ajaribu, na yeye akazungusha glasi, akaiweka puani, akafumba macho, akaitikia kwa kichwa taratibu. Rwamba alivutiwa sana. "Ilikuwa kama kunusa dirisha," akaniambia.

Siku ilipofika ukungu ulikuwa umeketi juu ya kahawa tangu asubuhi na hauonyeshi nia ya kuondoka. Baridi ya Githongo ya Julai si ya kuchezea. Thuranira alikuwa na shida na hiyo baridi kwa sababu divai nyekundu, alisema, haipendi ubaridi, inajifunga kama mtoto aliyevuliwa nguo. Akaniomba shali ya Kiende. Tukazifunga chupa nyekundu kwenye shali, tukazilaza karibu na moto, si karibu sana, na kila baada ya muda nilizigusa kwa ndani ya kifundo cha mkono kama ninavyopima uji wa mtoto. Makandi alipita na sufuria ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, akauliza ni nani aliyejifungua.

Wageni waliingia, wakasalimiwa, wakala. Mzee Ndambiri alikuwa mdogo wa mwili, amevaa makoti mawili, fimbo katikati ya magoti. Hakusema sana. Alikula mbuzi kwa makini na kutazama mlango ambao Karwirwa angeingilia.

Nilikuwa nimebeba trei ya glasi, Kiende mgongoni, wakati Thuranira aliposimama na chupa nyekundu. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la hoteli, Makandi amelipiga pasi mpaka linang'aa. Akaonyesha chupa kwa wazee, akaeleza inatoka wapi na ni ya namna gani, akazungusha kizibuo, kizibo kikatoka kwa sauti ndogo ya adabu. Akakipeleka puani. Akafumba macho. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mimi nilikuwa mbali naye kama urefu wa meza, na harufu ikanifikia. Ilikuwa siki. Si kali kidogo, si kavu, siki ile ya kutiwa kwenye kachumbari. Baadaye tulikuja kujua kwamba zile nyekundu zilikuwa zimesimama dirishani kwa mwenye duka muda mrefu, jua linazipiga. Mtu mwenye pua angejua kabla kizibo hakijatoka vizuri.

Nikakohoa. Thuranira akanitazama kwa huruma. Nikakohoa tena na kumkunjia uso. Akamwambia Makandi kwa sauti ya chini kwamba Mama Kiende ana mafua, ampokee mtoto. Mpangaji hawezi kupaza sauti mbele ya wazee wa ruracio, waliokuja kupanga mahari, na kusema kinywaji cha mwenye nyumba kimeharibika. Nikasimama pale na trei yangu nikiomba Mungu aangushe kitu.

Karwirwa akaitwa. Aliingia na gauni lake la kitenge, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Mjomba wake akamuuliza, hiki tukinywe? Thuranira akamimina kidogo, akazungusha mkono mwishoni ili tone lisianguke, akampa mwanawe glasi kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona mtu amejaa fahari namna ile. Karwirwa akanywa.

Uso wake ulikunjika wote. Jicho moja likafumba, mabega yakapanda, na kitu kama kilio cha paka kikamtoka.

Kisha Ciakuthii, ambaye alikuwa amejipatia kiti karibu na dirisha, akasema kwa wote kusikia, "Ai. Amekataa." Mjomba mmoja wa Embu akaanza kutafuta kofia yake. Rwamba alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Thuranira alisimama na chupa mkononi, na nikaona anatazama uso wa mtoto wake na hajui kama anachokiona ni divai au ni ndoa. Angejua kwa kunusa tu. Hakuweza.

Karwirwa akajifuta mdomo kwa kiganja. Kwa desturi hakupaswa kusema neno, lakini alisema.

"Mtu nimemkubali," akasema. "Hii ndiyo nimekataa."

Wengine wakaguna, maana msichana kusema pale si jambo la kila siku. Mzee Ndambiri akanyoosha mkono wake kutoka ndani ya makoti mawili, akaomba ile glasi. Akaonja. Uso wake ukafanya vilevile, ila kwa kuwa ulikuwa na makunyanzi mengi ulichukua muda mrefu kurudi.

"Mtoto hasemi uongo," akasema. "Huyu hatatuficha uji uliochacha." Watu wakacheka kidogo, lakini yeye hakucheka. Akagonga fimbo sakafuni. "Lakini sisi tulikuja kuona uso wa kukubali, na hatujauona. Thuranira, fungua nyingine. Akikunja uso mara ya pili, tutajua si kinywaji. Tutarudi nyumbani, na mambo yatangoja mpaka wakati mwingine, kama mimi bado nitakuwepo."

Thuranira akasema kwa heshima kwamba anakwenda kuitayarisha. Akatoka na mimi nikamfuata. Jikoni alikuta Makandi anataka kujua kumetokea nini, akamtuma haraka awapelekee wageni maji ya kunawa. Kisha akapanga chupa zilizobaki juu ya meza ya kukatia mboga, akazifungua moja baada ya nyingine, kwa haraka mpaka kizibo kimoja kikavunjika. Akaninyooshea ya kwanza bila kunitazama.

"Ninusie, Mama Kiende."

Nilinusa. Nyekundu ya pili ilikuwa ndugu wa ile ya kwanza, siki tupu. Nikaisukuma pembeni. Nyeupe ilikuwa nzima. Nilimwambia inanuka limau, na jiwe lililonyeshewa mvua, na nyuma kabisa kama majani yaliyokatwa. Uso wake ukafunguka. Akasema ndiyo hasa, ndivyo inavyotakiwa, hiyo ndiyo tuipeleke. Nikasema ngoja. Nikanusa ile ya mwisho, chupa nyembamba iliyokuwa ya keki. Ilinuka karakara iliyoiva mpaka ikajikunja ganda, na asali.

"Hii," nikasema.

Aliniangalia kama nimetaka kumpeleka Karwirwa kwa wazee bila viatu. Tamu ni ya mwisho. Tamu inaua zote. Kasim angefufuka kaburini. Nikamwambia, Baba Karwirwa, mle ndani hakuna mgeni wa hoteli. Wale wazee walilelewa na pombe ya asali, ulimi wao unangoja asali tangu asubuhi. Ile ya limau ni nzuri, na Karwirwa atakunja uso, kwa sababu mtu hukunja uso kwa limau hata akiipenda. Hata Kiende. Na leo hawahukumu divai, wanahukumu uso.

Alifikiri. Kule sebuleni tulisikia Ciakuthii akiwaeleza wageni habari za beberu.

"Kwenye glasi ndogo basi," akasema, kama mtu anayeomba masharti ya kushindwa.

Karwirwa alipoulizwa mara ya pili, chumba kizima kiliinama mbele. Akanywa kidogo. Akangoja. Akaulamba mdomo wa juu, na bila kuambiwa na mtu, akanywa tena. Wazee wa Embu wakaangua kicheko, mmoja akasema huyu ameolewa mara mbili. Akampa baba yake glasi. Thuranira aliigusisha kwenye midomo, ndivyo anavyosema yeye. Ciakuthii mpaka leo anaapa koo lilicheza. Kisha akampa Mzee Ndambiri, naye akanywa, akatazama ndani ya ile glasi ndogo, halafu akamtazama Thuranira kwa upole.

"Ni nzuri sana," akasema. "Kwa nini mnatupa kama dawa ya kikohozi?"

Akaomba kikombe cha kunywea chai. Wengine nao wakaomba vikombe. Niliona Thuranira akimimina divai yake ya keki kwenye vikombe vya bati, juu ya mbuzi na mukimo, kila kikombe kama msumari mwilini mwake, na kila alipomaliza alizungusha mkono ili tone lisianguke. Ile nyeupe ilimalizwa na Rwamba na mjomba wake aliyetafuta kofia. Ile yenye mapovu wageni walikuwa wamekuja nayo wenyewe, wameitikisa njiani, na ilipofunguliwa ilimwosha Ciakuthii. Hakuna aliyesikitika.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, nilikuwa naosha glasi uwanjani na Kiende amelala mgongoni. Thuranira akaja, amevua koti jeupe, akavuta kigoda akaketi. Alichukua kitambaa akaanza kukausha zile nilizozisuuza, akiziinua moja moja kwenye mwanga uliobaki. Kisha akaniambia kuna watu wa Kianjai wanaozesha mwezi ujao, familia kubwa, na wamemtumia neno kwamba wanamtaka yeye kwenye divai. Hajawajibu. Aliniuliza kama mume wangu angekuwa na neno nikienda naye siku moja ile. Nisionje chochote, anajua mimi ni wa kanisa na bado nanyonyesha. Kusimama tu karibu na meza.

"Majina yote nitakufundisha," akasema. "Na mtoto nitambeba mimi. Wewe nikopeshe pua."